Vidole Hivi Sivitoi

Mimi ni msusi. Kwa siku nasuka vichwa vitatu, vinne nikibahatika. Mikono yangu haipumziki na mdomo wangu haupumziki. Wateja wameniita Wembe, nami sijakataa. Ukikaa kwenye kiti changu utasukwa vizuri na utaambiwa ukweli, vyote kwa pamoja.

Kusuka nilifundishwa na shangazi yangu, dada yake baba, ambaye ndiye aliyenilea. Mtaa mzima unamwita Shangazi Vidole. Zamani alikuwa anasuka huku anaangalia barabarani, na vidole vinakwenda vyenyewe. Mistari yake ilinyooka kuliko ukuta wa saluni. Kichwa chake alikisuka mwenyewe mbele ya kioo, na hakuna mtu aliyewahi kukigusa. Alisema atakayemsuka yeye bado hajazaliwa.

Saluni yetu ni chumba kimoja chenye baraza mbele. Kuna viti viwili, vioo viwili, na feni moja inayozunguka ikipenda. Siku hizo kila kioo kilipambwa kwa chupa mbili za maji, ndani yake maua ya kutambaa. Pembeni yalisimama mapipa mawili makubwa, kwa sababu maji ya bomba yanakuja mara mbili tu kwa wiki. Mume wangu ni fundi bomba. Mabomba ya watu anayafunga vizuri, la kwetu linatoa upepo. Mganga hajigangi.

Kwa usafi Shangazi alikuwa mkali. Mfereji wa mbele ya baraza tuliuzibua kila Jumamosi. Jioni tulifunga madirisha, na nyumbani tulilala ndani ya chandarua. Mtu angetuambia saluni yetu ina mbu, angeondoka na nywele nusu. Ni kweli mchana wateja walijikuna miguu chini ya kiti. Lakini hao walikuwa mbu wa mchana, na mbu wa mchana sisi tulisema hawana neno.

Siku moja Shangazi alianza kichwa cha mteja akiwa mzima kabisa. Kufika saa sita mchana alikuwa anatetemeka. Mistari miwili ya mwisho aliimalizia kwa kiburi tu, kisha akakaa sakafuni. Homa ilimpanda ghafla. Viungo vyote vilimuuma: viwiko, magoti, vifundo vya miguu, na zaidi ya yote vidole. Alisema ni kana kwamba kuna mtu anamkaza skrubu kwenye kila kiungo. Baadaye akatokwa na vipele kifuani.

Tulifanya kosa ambalo wengi hulifanya. Tulisema ni malaria, tukampa dawa ya malaria bila kupima. Homa haikushuka, ndipo tukampeleka kituo cha afya. Walimpima malaria, hana. Wakamwambia apumzike, anywe maji mengi, na ameze parasetamoli. Yeye akaona amedharauliwa. Dukani akanunua vidonge vingine vikali vya maumivu, akawa anavimeza viwili viwili.

Homa iliisha siku ya sita, lakini vidole havikufunguka. Asubuhi hakuweza kushika kikombe. Chanuo lilimdondoka. Ulipita mwezi wa kwanza, wa pili, wa tatu. Shangazi Vidole akawa anakaa kwenye kiti cha mteja, amejifunga kitambaa kichwani, anasimamia kazi kwa mdomo. Nilimwomba nimsuke. Akaniangalia mpaka nikajuta kuzaliwa.

"Kama nina nywele au sina," alisema, "hiyo ni siri yangu na kitambaa changu."

Nilikuwa naangalia vidole vyake, halafu naangalia vyangu. Niseme ukweli, niliogopa. Sina shule kubwa, sina shamba, sina duka. Nina vidole kumi tu. Vikikunjika kama vya Shangazi, nimekwisha, na nyumba yetu inabaki na bomba linalotoa upepo.

Hatukuwa peke yetu. Mteja mmoja aliyesukwa wiki ile ile aliugua vivyo hivyo. Akafuata wa pili. Sasa, ng'ambo ya barabara kuna msusi mwingine, tunamwita Redio kwa sababu hazimwi. Redio akatangaza kwamba ugonjwa unatoka kwenye machanuo yetu. Chanuo likipita kichwani mwa mgonjwa kisha likaja kwako, umekwisha. Watu wakasema lisemwalo lipo. Wateja wakaanza kuvuka barabara.

Shangazi alipandwa na hasira. Chanuo lake yeye, chafu? Akaagiza pipa la tatu la maji. Akaagiza na makopo manane ya kulowekea machanuo. Niliyapanga chini ya meza, nikayajaza maji maangavu. Kwa kuwa maji ni ya mgao, hatukuyamwaga. Yakipungua naongeza. Nilijivuna kweli. Nilisimama barazani nikamwambia Redio, kwa sauti ya kusikika hadi sokoni, aje anywe maji yetu kama anathubutu.

Mwezi ule wateja wengine wawili waliugua.

Ndipo akaja dada mmoja kusukwa. Alikuwa mpimaji wa maabara katika kituo cha utafiti kilicho nyuma ya kituo cha afya. Alipokaa tu alianza kukodolea macho kila kitu: kioo, chupa za maua, dari, chini ya meza. Nikampa jina hapo hapo, Dada Darubini. Nilifika katikati ya kichwa chake, akajipiga kofi kwenye kifundo cha mguu. Akafungua kiganja chenye mbu aliyepondeka, akakisogeza karibu na macho.

"Ana madoa meupe miguuni," alisema.

Nilimwambia asijali, hao ni wa mchana, wa malaria ndio wa usiku. Aliuliza mapipa yetu tunayasugua lini. Nilijibu kwa fahari kwamba tunayajaza kila maji yakitoka. Akasema hakuuliza kujaza, ameuliza kusugua. Nikajiuliza moyoni: pipa linasuguliwa ya nini, nalo lina maji safi?

Alisimama na nusu kichwa kimesukwa, nusu kimesimama wima. Akawasha taa ya simu na kumulika ndani ya pipa la tatu. Shangazi aliinuka kwenye kiti chake akaja. Mimi nikaja. Ndani ya maji yale maangavu kulikuwa na vijidudu vyembamba, vinajipindapinda, vinapanda juu na kushuka. Akamulika makopo ya machanuo, vimo. Akamulika chupa za maua, vimo.

"Hao ni nini?" Shangazi aliuliza.

"Ni watoto wa mbu, Shangazi. Mmewalea vizuri sana."

Hakuna aliyecheka. Nilimshika Dada Darubini bega nikamrudisha kitini. Nilimwambia nusu ya kichwa chake bado iko mikononi mwangu, kwa hiyo anieleze yote mpaka nywele ziishe. Nami nikapunguza kasi makusudi.

Alieleza polepole, kama mtu aliyezoea kuulizwa. Ugonjwa wa Shangazi unafanana kabisa na chikungunya. Damu ya Shangazi ikipimwa, itajulikana. Unaletwa na kirusi, kijidudu kidogo kiasi kwamba hata darubini ya kawaida haikioni. Chanuo halikibebi. Mkono haukibebi, wala kikombe. Anayekibeba ni mbu jike wa madoa meupe. Anamuuma mgonjwa akiwa na homa, kirusi kinaingia tumboni mwa mbu na kuongezeka. Baada ya siku chache mbu huyo anamuuma mwingine, na huyo mwingine anaugua.

"Mbu huyu huuma mchana," alisema, "hasa asubuhi na jioni kabla jua halijazama. Anapenda kivuli. Anapenda miguu isiyosogea. Niambie, wateja wako wanakaa hapa kwa muda wa saa ngapi?"

Saa tano. Wengine sita. Miguu chini ya kiti, kivulini, haisogei. Mikono yangu ilisimama kwenye nywele zake.

Akaendelea. Mbu huyu hataki mfereji mchafu tunaouzibua kila Jumamosi. Anataka maji yaliyotulia, na yakiwa safi ndiyo raha yake. Mayai anayabandika kwenye ukuta wa pipa, juu kidogo ya maji. Ukimwaga maji, mayai yanabaki yameshika. Yanaweza kukauka hapo miezi na yasife. Ukijaza tena, yanalowa na kuanguliwa, na ndani ya wiki moja hivi yameshakuwa mbu wanaoruka. Tena hawaruki mbali. Anayekuuma kwako amezaliwa kwako, au kwa jirani yako.

Kikulacho ki nguoni mwako. Nilikuwa nimemtukana Redio mbele ya watu, kumbe yeye amekosea na mimi nimekosea, na mbu ndiye aliyeshiba. Tuliogopa chanuo, tukaongeza pipa. Tulifuga adui kwenye makopo manane na kumpangia chini ya miguu ya wateja. Nilikasirika mpaka machozi yakanitoka, na mimi si mtu wa kulia.

Shangazi aliuliza vile vidonge vikali alivyomeza vilikuwa na ubaya gani. Dada Darubini alimjibu kwa heshima lakini hakumficha. Kuna homa nyingine ya mbu huyu huyu, inaitwa dengue, na mwanzoni hufanana na chikungunya. Mwenye dengue akimeza baadhi ya dawa kali za maumivu anaweza kutoka damu. Kwa hiyo mpaka upimwe, parasetamoli, maji mengi na kupumzika. Na ukiona damu inatoka, au tumbo linauma sana, au mtu anatapika mfululizo, unakimbilia hospitali bila kungoja kesho. Shangazi alikuwa na bahati tu.

"Dawa ya kuua kirusi hiki hakuna?" niliuliza.

"Bado. Ndiyo maana tunatafuta chanjo."

Hapo nikaacha kusuka kabisa. Akanieleza kwamba homa ya manjano nayo inaletwa na kirusi, na inaenezwa na mbu huyu huyu. Lakini chanjo yake ipo kwa miaka mingi, na imeokoa watu wasiohesabika. Kwa chikungunya na dengue, kuna chanjo ambazo zimeanza kutumika katika baadhi ya nchi, na nyingine bado zinachunguzwa. Moja ya hizo zinazochunguzwa ndiyo waliyo nayo kituoni kwao. Imeshapimwa kwa wanyama, kisha kwa watu wachache, kuona kama ni salama. Sasa wanahitaji watu wazima mia nne, wenye afya, ambao hawajawahi kuugua chikungunya. Watu wa kujitolea.

Shangazi alitikisa kichwa kabla hajamaliza.

Kesho yake hatukufungua saluni. Tulifungua vita. Mume wangu alikuja na vifaa vyake. Maji tuliyamwaga juani kwenye ardhi kavu, na mapipa tuliyasugua ndani kwa brashi ngumu na sabuni, kuta zote, hadi mkono ukaniwaka. Mume wangu akakata vifuniko vinavyobana kisawasawa. Chini ya kila pipa akafunga bomba dogo, ili tuchote bila kufunua. Nilimwambia leo ndiyo nimejua kwa nini niliolewa. Maua tuliyatoa chupani tukayapanda kwenye udongo. Machanuo tuliyaosha kwa sabuni na kuyaanika, na makopo tukayageuza chini juu. Shangazi alisimamia kutoka kitini. Alinionyesha kwa kidole kilichopinda kila sehemu niliyoiruka. Tukaweka sheria ya kusugua kila Ijumaa, mvua inyeshe, jua liwake.

Watu wa kituo cha utafiti waliomba kuweka mtego mmoja wa mayai kwenye baraza yetu na mmoja kwa Redio. Ni kopo jeusi lenye maji na kijiti ndani, wao wenyewe wanakuja kila wiki kuchukua kijiti na kuhesabu mayai. Shangazi alipimwa damu, ikaonyesha kweli alipata chikungunya. Yote hayo aliyakubali. Lakini nilipomwambia nataka kwenda kwenye chanjo, alibadilika sura.

Mtaani maneno yalikuwa yameshafika kabla yangu. Redio alisema sindano ile inafunga kizazi. Mwingine akasema wanachukua damu na kuiuza. Mwingine akasema ukidungwa unapewa ugonjwa wenyewe. Penye wengi pana mengi. Shangazi aliyasikia yote, na alikuwa ameshaumia kiasi cha kutosha kuyaamini yote.

"Sikukulea ili watu wakufanyie majaribio," aliniambia. "Ukienda, mkono utakaodungwa sindano hiyo usiingie saluni yangu. Usiguse kichwa cha mteja wangu."

Nilimwamkia, nikamshukuru kwa kunilea, nikaondoka. Ndivyo nilivyo. Lakini sikwenda kama kondoo. Nilikwenda na karatasi yenye maswali kumi na moja, niliyoyaandika kwa mwandiko wangu mbaya. Nilimwambia Dada Darubini na daktari anayesimamia utafiti wao kwamba kabla sijatia sahihi popote, watanijibu moja baada ya jingine.

Je, nitapewa ugonjwa? Walisema hapana, kirusi cha chanjo hii kimeshauawa, hakiwezi kuambukiza. Ni kama picha ya mwizi iliyobandikwa ukutani. Mwili unaikariri, na mwizi akija anatambuliwa mlangoni. Je, inafunga kizazi? Hakuna dalili yoyote ya hilo kwa wote waliodungwa kabla yangu, walisema. Lakini wajawazito hawawaingizi kwenye utafiti huu, kwa tahadhari, kwa hiyo watanipima ujauzito kwanza. Damu yangu inakwenda wapi? Maabara ya kule kule, na wakanipeleka nikaione chupa ikiandikwa namba badala ya jina. Nikichoka katikati? Natoka siku yoyote, bila kudaiwa sababu, na matibabu yangu kituo cha afya yanabaki pale pale. Nani anawaangalia ninyi? Kuna jopo la maadili, watu wasio wa kituo chao, lenye uwezo wa kusimamisha kazi yote.

Swali la kumi na moja ndilo lililonishangaza. Niliuliza nitajuaje kama chanjo imefanya kazi. Daktari akasema kwa muda mrefu sitajua chochote, hata yeye hatajua. Nusu yetu watapata chanjo, nusu watapata maji ya chumvi yasiyo na dawa. Kompyuta ndiyo inayogawa, kwa bahati, na siri inafungwa mpaka mwisho. Ndipo makundi mawili yatalinganishwa.

"Yaani mnaweza kunidunga chumvi?" nilimuuliza.

"Tunaweza," alisema. "Na tunakuambia leo, kabla hujakubali. Ukipata chumvi, chanjo ikithibitika, wewe utakuwa wa kwanza kupewa. Lakini mpaka siku hiyo, ishi kama mtu asiye na kinga. Usiache kusugua pipa."

Nilirudi nyumbani na ile fomu, nikaisoma neno kwa neno na mume wangu. Yeye alisema mwili ni wangu na vidole ni vyangu, yeye atashika brashi. Siku ya tatu nilirudi nikatia sahihi. Walipima damu yangu, sijawahi kuugua. Wakanidunga mkono wa kushoto. Mkono uliuma siku mbili, nami nikatamba kwa kila mtu kwamba chanjo hiyo inafanya kazi, naisikia.

Shangazi alitimiza neno lake. Nilikuta kiti changu kimetolewa nje barazani. Sikulia wala sikuomba msamaha. Kama mkono wangu hautakiwi ndani, basi utasuka nje. Nilifunga turubai la kuzuia jua, nikaweka kioo changu kwenye nguzo, nikaita wateja. Waliokuja mwanzoni walikuja kuangalia kama nimeota mkia. Nikawasuka na mkia wao wa umbea, wakarudi tena. Kila aliyekaa nilimwambia avae soksi au ajifunge khanga miguuni, au ajipake dawa ya kufukuza mbu. Kila aliyeuliza kuhusu sindano nilimjibu nilichoambiwa, na nisichokijua nikasema sikijui.

Shangazi alikaa ndani na kitambaa chake, mimi nikakaa nje na mdomo wangu. Tulizungumza kupitia dirishani. Mambo ya kazi tu. Iliniuma, sitaficha. Lakini kila Ijumaa, nikipiga magoti kusugua mapipa, yeye anakuja, anasimama nyuma yangu, na kunionyesha sehemu niliyoiruka. Baada ya miezi kadhaa akaanza kushika brashi mwenyewe. Kituo cha afya walikuwa wamemfundisha kukanda vidole kwenye maji ya uvuguvugu na kukamua kitambaa, kila siku. Vidole vilirudi taratibu, kimoja kimoja, kama wageni wenye aibu.

Mvua kubwa zilipokuja, homa ilirudi mtaani. Safari hii haikuja kwetu. Vijiti vya mtego wetu vilikuwa na mayai machache, wiki nyingine hakuna hata moja. Cha Redio kilikuwa cheusi kwa mayai. Redio aliugua, na mdogo wake akaugua. Niseme kwamba nilifurahi? Kwa dakika moja nilifurahi. Kisha nikaona kutoka barazani jinsi anavyoshika mlango wake kwa viganja viwili, kama Shangazi alivyokuwa, na furaha ikaniishia. Shangazi aliniita kutoka ndani. Alisema mbu hajui kusoma bango la saluni, akitoka kwa Redio anavuka tu barabara. Akanikabidhi brashi. Tulivuka wote wawili, tukasugua mapipa ya Redio, naye amelala kwenye mkeka hana la kutangaza. Tulimwachia maji ya kunywa na parasetamoli, tukamwambia asimeze kingine mpaka apimwe.

Ilipita miezi kumi na minne tangu sindano yangu. Tuliitwa kituoni kupewa matokeo, na tuliambiwa tuje na ndugu. Mume wangu alikuwa na kazi ya bomba lililopasuka. Nilikwenda peke yangu, lakini nilipokaa niligeuka, nikamwona Shangazi ameketi nyuma kabisa, kitambaa kimefungwa hadi kwenye nyusi. Hatukusalimiana.

Daktari alisema siri imefunguliwa. Katika waliopata chanjo, karibu wote damu yao imejifunza kukitambua kirusi. Msimu wa mvua walipougua watu, wengi mno wa waliougua walikuwa wa kundi la maji ya chumvi. Hakusema kazi imekwisha. Alisema bado wataangalia kinga inadumu miaka mingapi, na kama inafaa kwa watoto na wazee. Kisha kila mtu akaitwa kwa namba yake na kuonyeshwa karatasi.

Yangu ilisema maji ya chumvi.

Nilikumbuka nilivyotamba na mkono wangu unaouma. Kisha nikacheka mpaka watu wakageuka. Miezi kumi na minne nimetukanwa, nimetolewa nje, nimeitwa mtu wa majaribio, kwa ajili ya chumvi ambayo ningeipata jikoni kwangu. Redio, aliyejialika kuja kusikiliza, alikuwa amekaa pembeni. Aliniuliza, kwa upole kwa mara ya kwanza, kama sijutii kwa kuwa wamenidunga kitu kisicho na kazi.

"Bila mimi na chumvi yangu wangelinganisha na nani?" nilimjibu. "Sijutii hata kidogo. Na kilichonilinda mwaka huu ni brashi, ile ile iliyokuja kwako."

Shangazi alikuwa amesimama nyuma yetu. Sikumsikia akija. Aliichukua ile karatasi kwa vidole vyake, vikaishika bila kutetemeka. Aliisoma mara mbili. Alimuuliza daktari kama ni kweli walimwambia binti yake tangu mwanzo kwamba anaweza kupata chumvi. Daktari akasema ni kweli, ipo kwenye fomu, ukurasa wa pili. Shangazi alikunja karatasi polepole.

"Mtu anayetaka kukudanganya hakwambii alikupa chumvi," alisema. "Nilikosea. Mdungeni ya kweli."

Niliketi. Shangazi ndiye aliyenikunjia mkono wa nguo. Alinishika bega wakati sindano inaingia, akaniambia nisijifanye shujaa, aliniona nilivyofumba macho.

Tuliporudi, kiti changu kilikuwa bado kipo barazani. Nilidhani atakirudisha ndani. Badala yake alikaa juu yake, pale pale nje, mbele ya barabara na watu wanaopita, mbele ya Redio mlangoni kwake. Akapandisha mikono, akafungua fundo la kitambaa. Nywele zilikuwa zimejisokota, nyingi zimekuwa nyeupe. Vidole vyake sasa vinashika kikombe na brashi, lakini kujisuka mwenyewe bado.

"Wamekudunga mkono gani?" aliuliza, bila kugeuka, kana kwamba si yeye aliyenikunjia nguo.

"Wa kushoto, Shangazi."

"Basi anza na huo huo."